Mpera wa Saa Saba

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, mkunga alipiga deki nyumba nzima, akapanga vikombe kwa ukubwa, akavipangua, kisha akatoka nje na kuutazama ukoka wa mbele ya nyumba. Mumewe alikuwa ameukata kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Majirani walimwita Bwana Zulia, naye jina hilo alilipenda.

"Zulia lako linakunywa maji bure," mkunga alimwambia. "Halijawahi kuzaa hata bamia."

"Keti basi, mke wangu. Umezalisha watu miaka thelathini na minne. Pumzika."

"Miguu inaniwasha."

Alifunika ukoka wote kwa maboksi, akayalowesha, akamwaga samadi juu yake, na juu ya samadi majani makavu. Nyasi zikafa kwa kukosa mwanga. Kisha akapanda kwa ghorofa, kama alivyosema mwenyewe: mparachichi na mstafeli juu, mpera na mpapai katikati, mbaazi chini yake, viazi vitamu vitambae ardhini, pasheni ipande ukuta. Alitaka chakula kitakachojiotea miaka nenda miaka rudi. Mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, aliyeishi ng'ambo ya barabara, alimletea barua ya onyo kuhusu kuharibu mandhari. Mkunga aliitia chini ya boksi, ikaoza vizuri.

Mwaka wa pili mpera ulizaa. Siku mapera ya kwanza yalipoiva, saa saba kamili mchana, mti ulijikung'uta udongo, ukainua mizizi kama mwanamke anayekunja sketi kuvuka dimbwi, ukatoka getini. Gari la mwenyekiti lilikuwa linapita. Alisimama, akaupisha, akaendelea na safari kwa sababu alikuwa amechelewa kikao.

"Mti wako umetoka," Bwana Zulia alisema nyuma ya gazeti.

"Nimeuona." Mkunga akavaa ndala, akaufuata.

Mpera ulizunguka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, ukasimama penye mlango wa jikoni, ukainamisha tawi. Dada wa kazi aliacha kufua, akajifuta mikono, akala mapera sita bila kuketi. Mkunga alimwacha amalize. Kisha akamvuta kope la chini, kama alivyozoea kliniki. Ndani palikuwa peupe, damu imepungua.

"Umekula lini mara ya mwisho, mwanangu?"

"Juzi jioni, mama. Wali ulibaki."

"Unapika kila siku. Huonji?"

"Mama mwenye nyumba anapima mchele kwa kikombe, na stoo anafunga. Ufunguo anatembea nao." Alisema bila kinyongo, kama anayeeleza siku za kuzoa taka. "Akinikuta natafuna, siku hiyo tunayo."

Mpera ulikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, na kila saa nane ulirudi na kujifukia mahali pake. Mpapai nao ukaanza. Huo ulielekea kwa daktari wa meno, kulikokuwa na mtunza bustani. Mkunga hakupata kukaa. Mchana kutwa alitembea nyuma ya miti yake, akifungua macho ya watu na kuyatazama. Alikuwa ameishi mtaa ule miaka kumi na tisa na kote alikuwa akiingilia mlango wa mbele.

Jumuiya ikaitisha mkutano. Suala la miti lilichukua dakika arobaini. Ikakubaliwa kwamba miti ipite upande wa kushoto, na isivuke barabara wakati basi la shule linashusha watoto. Mkunga akasimama.

"Miti haina shida. Shida ni huko inakokwenda. Kuna watu wanapika wakiwa na njaa."

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, tunakuheshimu. Wanetu wote wamepita mikononi mwako. Lakini mambo ya jikoni ni ya mtu na nyumba yake." Wakaingia kwenye suala la taa za barabarani.

Wiki mbili baadaye, dada wa kazi alikuwa amekonda zaidi.

"Mapera ni matamu, mama," alisema. "Ila ule wali unaobaki sasa anapewa mbwa. Naambiwa mimi nina mti wangu. Siku ya kumi na mbili hii sijaonja chumvi."

Asubuhi iliyofuata mkunga alipika maharage, akayatia chumvi ikakolea, akafunga bakuli kwenye tawi. Mpera uliyabeba bila kumwaga hata tone. Saa nane ulirudi na bakuli limeoshwa. Ndani yake mlikuwa na kikaratasi, mwandiko wa mke wa mwenyekiti, herufi nzuri za kulala: *Asante, jirani. Maharage tumeyaona. Kesho ikiwezekana mletee dada na sabuni ya kufulia, imemwishia.*

Mkunga alikisoma mara mbili, akiwa amesimama.

"Utamjibu nini?" Bwana Zulia aliuliza.

Mkunga alizunguka nyumba, akaizunguka tena, akanyoosha fimbo za mbaazi ambazo hazikuwa zimepinda.

Kesho yake mkunga alikwenda dukani, akakuta foleni. Saa saba ikampita hukohuko. Aliporudi na mche wa sabuni mkononi, aliukuta mpera umekwisha kujing'oa, umesimama getini unamsubiri. Nyuma yake mpapai, na nyuma ya mpapai ule mparachichi ambao ulikuwa haujaanza kuzaa, tawi limeinama likisubiri kubebeshwa.