Kinyume cha Sikio la Dastan

Gaspari alimng'ata Dastan sikio kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi pale Matogoro, akatema kipande majivuni, na kuku wa mwenye kilabu akakiwahi, akakimeza. Ndiyo maana jioni ile Bibi Benigna alimkuta mwanawe mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa kilicholowa damu, ananoa panga.

Ndani mpangaji wao, mwalimu Edna, alikuwa anafundisha watoto wa jirani. "Kinyume cha nne ni hasi nne. Ukizijumlisha unarudi sifuri, na sifuri ukiijumlisha na namba yoyote, haibadiliki. Kwenye kuzidisha, isiyobadilisha kitu ni moja."

"Umesikia, mama?" Dastan akasema. "Kila kitu kina kinyume chake. Naenda kulikata la Gaspari, turudi sifuri."

Benigna hakuacha kupukuchua mahindi. "Mwalimu, hasi moja na hasi moja?"

"Hasi mbili, bibi."

"Haya, mwanangu. Mwalimu umemsikia."

Dastan hakusikia, alishabakiwa na sikio moja tu la kusikilizia, nalo lilikuwa limejaa hasira. Akaondoka. Benigna akachukua mchi, akamfuata.

Alikuta mlango wa Gaspari umeshapigwa teke. Uani, Dastan alikuwa amemkalia mwenzake kifuani. Gaspari akaokota jiwe, akamtandika nalo mdomoni, jino likaruka. Panga likampasua Gaspari mkono, damu ikamwagikia mahindi yaliyoanikwa. Kisha makali yakatua juu ya sikio.

"Kata," Benigna akasema nyuma yao. "Ila papasa lako kwanza. Ukikata la huyu, hilo litaota?"

Dastan akapapasa kitambaa. Majimaji tu.

"Kinyume cha kuondoa ni kurudisha," mama yake akasema. "Na cha kurudisha kimo tumboni mwa kuku."

Gaspari, mjinga wa watu, akacheka.

Dastan akainua panga kwa mikono miwili, na safari hii hakulenga sikio, alilenga shingo. Mchi ukawahi. Kifundo cha mkono kikalia kama kuni kavu, panga likadondoka. Gaspari alipojaribu kuinuka, naye akapata wake begani, akarudi chini.

"Mama, umenivunja. Ndiyo turudi sifuri?"

"Na mimi je, bibi?" Gaspari akagugumia.

"Sifuri ya wapi. Nimewazidisha kwa moja. Mmebaki vilevile, wapumbavu."

Akaokota panga, akalifuta kwa khanga.

"Fungeni hivyo vidonda, mwende hospitali pamoja. Mimi kuna kuku ninamtafuta."