Nguzo kwenye Maharagwe Yangu

...hapo, anasema hapo, na hapo ni kwenye maharagwe yangu, yameshatoa maua, mtu ana macho mawili na haoni maua, "Mama Astrid, tundu ingine njo apa," anasema Déo, kapita, msimamizi wa shamba la ng'ombe, ananionyesha kwa fimbo, nichimbie nguzo ya seng'enge kwa jembe langu mwenyewe, tena kwa salongo, hiyo kazi ya bure tunayomfanyia patron kila wiki ili atuachie tulime kilima, kilima gani, si hiki hiki alichofyeka babu... na seng'enge ikipita hapa ng'ombe wataingia, Astrid na wadogo zake watakula nini, nyasi?... babu naye, mzungu alikuja na blanketi na chumvi, babu akapokea, kwetu mgeni anayeomba pa kulima huleta kitu, ndiyo heshima, naye hubaki mgeni, akamwambia karibu, lima mpaka kijitoni, kumbe mwenzake ananunua, blanketi moja kwa kilima kizima, Mungu wangu, babu akageuka kibarua kwake mwenyewe, akivuna pareto ya kuulia wadudu wa Ulaya, akichelewa fimbo, kwao wakajenga mashule na mahospitali, kwetu wakaacha migongo iliyopinda, halafu uhuru, mama alisema walicheza mpaka wakachoka, na kilima kikapewa mkubwa mmoja, sasa ni cha mwanawe, ndiye huyo patron, yuko Kinshasa, hajawahi hata kukanyaga tope la hapa kwetu Kibabi... "Mama, uko nasikia?" nasikia, Déo, na ningekuvunjia hiyo fimbo kichwani, lakini mama yako yuko kule chini anapalilia, anafanya salongo kama mimi, nimekuchukia wewe miaka yote kwa sababu uko karibu, yule wa mbali simfikii, ndivyo walivyotupanga, tugombane huku juu wao wakila... babu hakujua, mimi najua, nikichimba hili tundu hakuna tena wa kusema alidanganywa, kilima nitakuwa nimekitoa mimi... "Chimba basi, Mama, batanifukuza," anasema polepole, wanawake wenzangu wa salongo wamesimama wananitazama, jembe liko mkononi, naona hasira imetulia, sichimbi, patron apande ndege, aje ayakanyage maua haya mbele yangu, achimbe mwenyewe.