Kiti cha Darubini

Lambert Tschernutter hakuwa na mke wala mtoto. Hakuwa na ng'ombe tangu auze yule wa mwisho mwenye kwato mbovu, hakuwa na gari la kuwaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, hakuwa na sauti ya kuimba kanisani, hakuwa na cheo chochote katika chama cha walenga shabaha cha Windgraben. Na kwa karibu mwaka mzima hakuwa na mahali pa kunywea bia. Kijijini kwao bia hunywewa mahali pamoja tu, nyumba ya chama, na ukutani mwa nyumba hiyo, juu ya jiko la vigae, alikuwa ametundikwa yeye.

Alitundikwa kwa rangi za mafuta, juu ya ubao wa mviringo. Ndiyo desturi yao tangu enzi za mababu. Jumapili moja ya vuli hulenga shabaha, kila mtu risasi moja tu, mita mia tatu. Atakayeshinda humwandikia mchoraji wa mjini Villach barua ya siri kumwagiza picha ya mkasa wa siku ile, na hakuna anayeiona picha mpaka ifunuliwe mwaka mpya. Ikishapigwa msumari ukutani haiondolewi kamwe. Mle ndani mna mbao za watu waliokufa miaka mia na hamsini iliyopita, na bado wanachekwa.

Mwaka uliotangulia mshindi alikuwa Engelbert Kropiunig, mwenyekiti wa chama, aliyemwoa Hedwig, dada yake Lambert. Risasi ya Lambert siku hiyo ilipita juu kabisa ya shabaha ikaenda kutoboa ndoo ya maziwa ya mjane mmoja mlimani. Engelbert aliagiza ndoo ichorwe, na maziwa yakimwagika, na Lambert ametoa macho. Kama ingeishia hapo, Lambert angecheka na wenzake. Yeye mwenyewe amewacheka wengi. Lakini juu, kwenye wingu, Engelbert aliagiza achorwe mzee Blasius, marehemu baba yake Lambert, bingwa mara nane, ameufunika uso kwa kofia kwa aibu ya mwanawe.

Ubao ulipofunuliwa watu walishika mbavu. Desturi inamtaka aliyechorwa anunue kinywaji na acheke pamoja nao. Lambert alinunua, akacheka, na meno yakamuuma kwa kucheka huko.

"Kunja uso polepole, shemeji," Engelbert alimwambia mbele za watu. "Mchoraji asije akadai rangi zaidi ya kuchora mikunjo."

Lambert aliweka bilauri mezani, akatoka, asirudi tena.

Alikuwa na shaka, na shaka hiyo ilimlia chakula miezi mingi. Katika mashindano yale bunduki hubarikiwa na padri ikiwa uchi, bila darubini. Darubini hubebwa begini mpaka juu mlimani, mwenyekiti huikagua kwa mikono yake, ndipo mlengaji huifunga kwenye bunduki yake palepale, bila kujaribu hata risasi moja. Kwa hiyo jambo zima limesimama juu ya kiti cha darubini, kile chuma kinachoishika darubini juu ya bunduki: je, kikifunguliwa na kufungwa tena kitarudi palepale? Cha Lambert hakikurudi, na Engelbert ndiye aliyekuwa amekishika. Lambert aliunganisha mambo mawili hayo akapata la tatu. Kiti chenyewe alikitupa mto Drau.

Mwezi wa sita, hasira ikiwa bado mbichi, alikwenda mjini Ferlach kwa Roswitha Ogris kuchagua kingine.

Mama Ogris alikuwa na miaka sabini na mitano, fundi bunduki binti wa fundi bunduki, mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Alimsikiliza Lambert kisa chote mpaka mwisho bila kuacha kupiga tupa. Kisha alifuta mikono, akamwekea viti vitatu juu ya kitambaa.

Cha kwanza kilikuwa cha makucha, kazi ya mkono wa baba yake mwenyewe. Makucha ya mbele unayanasa kwanza, kisha unalaza darubini nyuma mpaka usikie mlio mdogo. Cha pili kilikuwa cha kuzungusha: unakiingiza kikiwa kimekaa ubavu, unakigeuza robo duara. Cha tatu kilikuwa cha chuma cha pua, kina nyenzo mbili za kufungwa kwa kidole gumba na upau mmoja chini unaokaa katika mfereji wa reli ya bunduki. Cha jinsi hiyo ndicho alichokitupa mtoni, ila hiki kilikuwa kizito zaidi na kimetengenezwa na mtu aliyejali.

Lambert alisema anataka kisichoweza kuchezewa na mtu.

Mama Ogris alikifunga kiti cha tatu kwenye darubini, akaishika bunduki ya Lambert, akampeleka kwenye handaki la kujaribia risasi nyuma ya karakana. Alilenga mwenyewe mpaka risasi ikakaa katikati, akaivua darubini, akampa Lambert airudishe. Lambert aliirudisha, akaivuta kidogo kwake kuhakikisha imeshika, akafunga nyenzo, akapiga. Risasi ilikwenda juu. Mama Ogris akaichukua, akaivua, akaifunga yeye, akapiga: katikati. Akampa Lambert. Juu tena.

"Engelbert yuko humu ndani?" akauliza. "Mimi simwoni."

Lambert aliweka bunduki chini.

"Mkono wako huo ni wa baba yako," Mama Ogris alisema. "Mmekulia kwenye makucha nyote bonde zima. Makucha ukishalaza unavuta nyuma kidogo, kuona kama yameshika. Ni adabu nzuri kwa kiti kile. Hiki ukikivuta nyuma, upau unapanda ukingo wa mfereji. Tazama." Alimshika kisogo akamwinamisha kama mtoto. Chini ya mguu wa nyuma wa kiti, mahali palipotakiwa kuwa giza, palipita mstari wa mwanga. "Unene wa unywele. Huko mita mia tatu ni dhiraa nzima. Hiki husukumwa mbele kwanza, kikagote, ndipo ufunge."

Lambert alikaa juu ya kasha la risasi. Miezi yote hiyo alikuwa amemlaani mtu kwa kosa la mkono wake mwenyewe. Mwingine hapo angeona haya, akanunua maua, akaenda kupatana na shemeji. Lambert aliipima hasira yake, kama mtu anavyopima gunia baada ya panya kupita, akaona imepungua nusu tu. Ndoo ya maziwa ilikuwa haki ya Engelbert. Wingu halikuwa haki yake.

"Chukua cha makucha," alishauri Mama Ogris. "Kinaujua mkono wako. Nitakukalishia kwa tupa, vuli haitafika hakijawa tayari."

"Nataka hiki cha tatu."

"Kwa nini ujitie kazi?"

"Kilichonidhalilisha ndicho kitakachonilipia."

"Kiti hakichaguliwi kwa hasira, mwanangu."

"Mimi nimekichagua kwa hasira, Mama Ogris. Nifungie."

Akamfungia.

Kiangazi chote Lambert aliifundisha mikono yake upya mezani jikoni, mara hamsini kabla ya chai ya asubuhi na mara hamsini baada ya kukata nyasi. Weka, sukuma mbele, funga. Kila aliposukuma mbele alilitaja jina la Engelbert, na jina hilo lilimsaidia asisahau. Siku moja Hedwig alimletea sahani ya maandazi ya jibini akamkuta katikati ya kazi hiyo, akasimama mlangoni kusikiliza mume wake akitajwa mara kumi na saba.

"Kaka, yule mzee wa kwenye wingu alikuwa baba yangu mimi pia," akasema. "Na aliyemchorisha nalala naye kitanda kimoja."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilimpikia supu bila chumvi mwezi mzima. Hakutambua."

Walikula maandazi yote, na hawakumzungumza Engelbert tena.

Jumapili ilipowadia umande ulikuwa umeganda majanini. Padri alizibariki bunduki zikiwa uchi, wakapanda mlima walengaji kumi na wanane, bendera ya chama ikitangulia. Bendera hiyo waanzilishi waliishona kwa hariri, na mwenyekiti ndiye mtunzaji wake. Hutundikwa juu ya fremu ya shabaha, upindo wake ukininginia shibiri moja tu juu ya karatasi.

Walipiga kura. Engelbert akapata nambari tano, Lambert sita.

Hapo yafaa niseme maana yake. Kwao kila mlengaji anapofunga darubini, anayemfuata kwa nambari husimama nyuma yake kuwa jicho lake. Akiona kasoro katika kufunga, humgusa bega, naye hufungua akaanza upya. Asipoguswa, hupiga, kama Lambert mwaka uliotangulia, ambaye jicho lake halikujua kuutazama mstari wa mwanga. Sheria ni nyepesi lakini adhabu yake si nyepesi: jicho lililoona likanyamaza haliruhusiwi kulenga tena maisha yake yote. Tangu chama kianzishwe haijatokea, kwa sababu huko hata maadui hugusana bega.

Engelbert alikaa kwenye benchi, tumbo likitangulia. Alitoa begini kiti kipya cha nyenzo alichoagizia kwa katalogi, na njia nzima alikuwa amekisifu kana kwamba amekizaa. Alikiweka juu ya reli. Kisha, kama mtoto mwema wa bonde lile, aliivuta darubini kwake kidogo, kuhakikisha imeshika, akafunga.

Lambert aliuona mstari wa mwanga chini ya mguu wa nyuma. Aliuona waziwazi kama mtu anavyoona mlango ulioachwa wazi.

Mkono wake wa kulia ulinyanyuka. Ulikuwa umekwisha fika usawa wa kiuno, wenyewe tu, kwa mazoea ya miaka thelathini, naye akauona. Aliurudisha chini akautia mfuko wa koti, akakunja ngumi humo ndani.

Engelbert alisubiri kidogo, bega likiwa tayari. Halikuguswa. Akavuta pumzi, akapiga.

Msimamizi wa shabaha kule mbali hakuinua kibao cha alama. Alitoka mafichoni, akasimama kutazama juu, akavua kofia. Kisha akaushika upindo wa bendera na kupitisha kidole katika tundu, wote wakiangalia kwa darubini zao. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa.

Lambert alikaa kwenye benchi ambalo lilikuwa bado na joto la shemeji yake. Aliweka, akasukuma mbele, akafunga. Safari hii hakutaja jina. Kidole kilivuta kifyatulio bila haraka, na kibao cha alama kilipanda kuonyesha upana wa kidole kimoja kutoka katikati. Waliofuata hawakumfikia.

Jioni hiyo aliingia nyumba ya chama kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya, akaketi chini ya ubao wake mwenyewe, akanywa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na maneno tayari, ameyanoa kiangazi chote. Engelbert alimjia na bilauri mbili, akaketi mbele yake, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi.

"Umenipiga vizuri, shemeji. Stahili yako." Akazungusha bilauri juu ya meza. "Mimi nadhani ni jicho. Jicho langu la kulia limekufa. Kiti kilikuwa sawa; ungeona kitu ungenigusa, ulikuwa nyuma yangu. Kwa hiyo ni jicho tu. Kesho naenda kwa daktari, na uenyekiti nitauachia mwingine. Wewe nichore utakavyo. Sitanuna."

Lambert alisema tu kwamba bia ni nzuri.

Alipofika kwake aliketi jikoni na karatasi. Sehemu ya kwanza aliiandika bila kuinua kalamu, na kila neno lilimnoga: mwenyekiti, tumbo lake lote, lisipunguzwe hata inchi, bendera ya hariri na tundu, msimamizi na kidole katika tundu. Aliisoma. Ilikuwa picha nzuri, na kijiji kingeicheka miaka mia.

Lakini kadiri alivyoisoma ndivyo ilivyomwishia ladha. Engelbert angeketi chini yake akinywa bia, akisema jicho, jamani, uzee. Angehurumiwa. Kisasi gani hiki, ambacho aliyelipizwa hajui kwamba amelipizwa, na tena anakushukuru? Na yule baba kwenye wingu, Engelbert angefika kaburini bila kufahamu kwamba wingu hilo lilikuwa na bei.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumfahamisha, nayo ilikuwa na gharama. Lambert alikitazama kiti cha nyenzo mezani, kilichofuta mwaka wake wa aibu kwa risasi moja, na bunduki iliyoegemea ukuta. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Baba yake alilenga mpaka sabini na moja.

Akachukua kalamu tena.

"Nyuma ya mwenyekiti," akaandika, "mchore mtu wa pili. Mkono wake wa kulia uko mfukoni. Chini ya mguu wa nyuma wa kiti cha darubini weka mstari wa mwanga, mwembamba lakini uonekane kutoka mlangoni, na macho ya mtu huyo yautazame. Mtu huyo ni mimi, Lambert Tschernutter. Nakuambatishia picha yangu ya kitambulisho. Tafadhali nifananishe hasa, asije mtu akasema ni mwingine."

Alitia sahihi, akaikunja karatasi mara tatu. Aliyeyusha nta nyekundu juu ya mshumaa, akadondosha, akagandamiza muhuri wa mshindi aliopewa mchana, akangoja ipoe. Kulipokucha alivaa koti, akateremka mpaka kwenye sanduku la njano la posta karibu na kanisa, akaitumbukiza barua.