Sahani Aliyoondoka Nayo Madam Perpetua

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, mjini Bauan, mwendo wa basi kutoka Manila, saa sita mchana, wali ukiwa bado unafuka moshi. Santo Dimaculangan, mchomeleaji wa vyuma, alikuwa anaagwa. Madam Perpetua wa ofisi ya wakala alikuwa amempatia mwajiri wa kumdhamini, kiwanda cha matrela huko Kanada. Mzungu wa kiwanda alikuja mwenyewe kuwajaribu mafundi. Bamba alilochomelea Santo lilikunjwa mpaka ncha zikakaribia kugusana, mshono haukupasuka. Mzungu akasema huyu namchukua. Baada ya mwaka, alisema Madam, Santo angeweza kumvuta na binti yake.

Binti ni Luningning, ana miaka kumi na sita. Mama yake alifia kwenye benchi la hospitali, foleni haijasogea, mganga mkuu yuko semina ya kupunguza foleni. Santo alitaka kuondoka katika nchi ile na alitaka kuondoka na mtoto. Hakuwa na haja nyingine.

Kosa lilikuwa kufanya karamu kabla ya viza. Bibi Pasing, mama mkwe wake, alilisema mapema.

"Mtoto hajazaliwa mnamkata kucha?"

"Mama, viza iko mezani kwa wakubwa, inangoja wino tu," alijibu Madam Perpetua, ambaye alipenda sana nguruwe wa kuchoma. "Chinja."

Wakachinja. Katikati ya chakula simu ya Madam ikalia. Santo alitakiwa Manila saa hiyo hiyo kuweka alama za vidole. Aliondoka mdomo umejaa tambi. Kwa desturi ya Bauan, mtu akitoka wenzake wakiwa bado wanakula, wanaobaki huzungusha sahani zao ili afike salama. Siku nyingine mtu huisukuma kidogo kwa kidole huku anatafuna. Siku ile kila mmoja alishika yake kwa mikono miwili, akaizungusha kuelekea mlangoni, akasema, "Kanada." Madam Perpetua naye alisema. Kisha akajaza nyama kwenye sahani yake, akaifunika kwa jani la mgomba, akaenda nayo kwake kama wafanyavyo wageni.

Manila, karani alimwambia Santo kwamba mwajiri alikuwa amejitoa. Wakubwa wa kule walikuwa wamepunguza idadi ya mafundi wa kuingia. Wakubwa wa huku walijua tangu Krismasi, ila hakuna aliyeona ni kazi yake kusema.

Santo akapanda basi kurudi. Nyumbani mbwa hakuinua hata sikio. Luningning alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Nimerudi," alisema Santo.

Luningning akaendelea kusugua sufuria. Baadaye kidogo simu yake ikalia. Akapangusa mikono, akapokea. Kwenye kioo cha simu alikuwa baba yake, na nyuma yake kalenda ya duka la mchele, ile ile iliyotundikwa ukutani kwao.

"Baba! Umeshafika?"

"Niko nyuma yako."

Sauti ilichelewa njiani, kama zinavyochelewa simu za mbali. Luningning akageuka, akaona kiti kitupu. Akatazama simu, akamwona baba yake amekaa kwenye kiti.

"Bibi," akaita, "baba yuko Kanada, lakini yuko hapa jikoni."

"Muulize kama amekula," alijibu Bibi Pasing kutoka chumbani.

Wakaishi hivyo. Nyumba nyingi za mtaa ule baba huonekana kwenye simu tu, kwa hiyo halikuwa jambo la kusimamisha watu barabarani. Karakanani nafasi yake alikuwa amepewa mwingine. Machi, jua linapasua vichwa, Santo alivaa koti la sufu na chai ilimgandia mkononi. Baridi ya Kanada aliipata yote. Mshahara ndio haukujua njia.

Jirani yao Dodong alimsimamisha Luningning kisimani.

"Mwambie kaka Santo asitusahau. Hata sabuni tu! Watu wakifika Kanada shingo zinakakamaa."

"Niko mbele yako, mjinga wewe," alisema Santo.

Luningning akamwekea Dodong simu sikioni. Dodong akasikiliza, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Mtandao mbaya. Ila amenona."

Aprili akaja mwajiri mwingine, mwenye kiwanda cha matangi ya maziwa, naye anatafuta wachomeleaji wa kuwadhamini. Santo alipanga foleni, Luningning akiwa na simu pembeni. Zamu yake ilipofika, cheche ziliruka zenyewe na mshono ukajipanga juu ya bamba kama magamba ya samaki. Mwajiri akatazama bamba, akatazama simu.

"Huyu ni fundi," akasema. "Leteni cheti cha mtaa na mje apigwe picha ya pasipoti mpya."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anakula karanga ofisini.

"Santo yuko nje," alisema. "Aliye nje hapewi cheti cha ukaazi."

"Yuko hapa, mzee. Msalimie."

Mwenyekiti akaitazama simu, akapunga mkono kwa furaha.

"Habari za baridi, kaka! Tunakungoja kwenye mchango wa paa la ukumbi."

"Mzee, nataka cheti," alisema Santo.

"Ukirudi uje mwenyewe, ndugu yangu. Sheria haina undugu."

Bibi Pasing ndiye aliyesema ni sahani zilizompeleka, basi zirudishwe. Akawaita wote waliokula siku ile, kila mtu na sahani aliyoitumia. Nguruwe hakuwepo, walikula dagaa. Walipomaliza wakazungusha sahani kurudi zilikotoka na kila mmoja akasema, "Bauan." Viatu vya Santo vilianza kuonekana chini ya meza. Kisha magoti, kisha koti, kisha ile mikono yenye makovu ya cheche. Sahani ya mwisho ilipogeuka alikuwa amerudi mpaka kwenye kola. Hapo akakwama, kichwa hakikuonekana.

"Nani hajageuza?" aliuliza Bibi Pasing.

Wakahesabiana. Walikuwepo wote isipokuwa Madam Perpetua.

Asubuhi Santo na Luningning wakaenda ofisini kwake. Pale palikuwa na mtu anauza kava za simu.

"Amehama," alisema muuzaji. "Yuko jengo kubwa sasa. Hamkusikia? Wakubwa wamempa tuzo kwa kupeleka watu wengi nje."

"Jengo lipi?"

"Hilo hawakutangaza."

Wakauliza kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mawakala. Afisa aliandika shauri lao, akagonga mhuri, akawaambia wangoje. Kuhusu pasipoti alikuwa mpole.

"Mikono mizuri, fundi. Lakini pasipoti ni uso."

Mwajiri wa matangi akamchukua kijana wa mji wa Lipa ambaye mshono wake ulikuwa na vitundu.

Jioni Santo hula na watu wake. Koti liko kwenye kiti, mikono inamega samaki, na uso uko kwenye simu iliyoegemezwa sufuria ya wali. Siku hizi hakuna anayenyanyuka kabla wote hawajamaliza. Hata mtu akibisha hodi, atangoja.

Juzi Luningning aliacha kula.

"Baba, ile sahani aliyoondoka nayo Madam ni ya maua ya bluu, siyo? Ya harusi ya mama?"

"Ndiyo hiyo," alisema Santo, na sauti ikafika baada ya muda.

"Basi Madam Perpetua akikaa kula huko aliko, anaielekeza wapi?"