Diski ya Mama Mkwe

Ukweni walimwita Injinia, na cheo hicho alikipata kwa bei rahisi: siku moja alichomoa waya wa printa, akauchomeka tena, printa ikafanya kazi. Kazi yake hasa ilikuwa kuuza makava ya simu. Lakini ukweni ukivishwa cheo unakivaa, hata kama kinakupwaya.

Mama mkwe wake alikuwa fundi cherehani wa miili ambayo nguo za dukani huikataa. Mwenye bega lililoshuka, mwenye kibiongo, mwenye mguu mmoja mfupi, wote walitoka kwake wakitembea kifua mbele. Paterni zao, michoro ya kukatia nguo, alizichora mwenyewe kwa miaka mingi. Binti yake alikuja kuziskani zote kwenye kompyuta, na makaratasi yakaishia kwa mchwa. Sasa mikono ya mama ilikuwa imeanza kutetemeka na duka lilikuwa linahamia kwa binti, mke wa Injinia. Urithi wenyewe ulikuwa zile paterni.

Kompyuta nayo ikaanza kuugua. Ukiiwasha unaenda kufua, ukirudi bado inafikiri. Injinia akatoa hukumu: Windows mpya ni mzigo kwa mashine kuukuu, dawa yake ni Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mwepesi tena wa bure. Hukumu haikuwa mbaya. Aliipata kwenye video, ila kompyuta ya kwenye video ilikuwa tupu, haina kitu cha mtu ndani.

Siku ya kazi mama mkwe alisimama nyuma yake na kikombe cha chai. Kwa heshima, Injinia akachagua maandishi ya Kiswahili ili mama naye afuatilie. Hapo alijipalia makaa. Video ilikuwa ya Kiingereza, na maneno aliyoyakariri hayakuwepo. Skrini ikamuuliza: sakinisha kando ya mfumo uliopo, au futa diski yote? Angetulia akasoma, angeelewa. Lakini mtu anayeitwa Injinia atasomaje kwa kufuatisha kidole, na mkwe yuko mgongoni? Akabonyeza pale alipobonyeza yule wa kwenye video. Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe, kikanyamaza.

"Inaendelea vizuri, baba?" mama akauliza.

"Safi kabisa, mama."

Kompyuta ilipowaka kwa kasi, akaipamba. Akaijaza filamu na nyimbo ili mama akiifungua afurahi. Mkewe alipouliza paterni ziko wapi, akamjibu bila haya, "Zipo ndani kwa ndani, mfumo bado unazipanga." Aliposema hivyo alikuwa ameshazitafuta kila mahali, asizione.

Kesho yake akaibeba kompyuta hadi kwa rafiki yake, fundi mwenye maneno mengi kuliko vifaa.

"Ulifuta, halafu ukaandika vitu juu yake?"

"Filamu kidogo tu."

"Kidogo! Bwana wee, faili likifutwa haliondoki papo hapo. Linakaa palepale mpaka kitu kingine kilifunike. Wewe mafaili haya umeyafunika kwa mkono wako mwenyewe."

Programu ya kuokoa ikachakura mpaka ikachoka. Ilichopata ni kama nusu, tena bila majina, namba tupu. Mkono bila kiwiliwili, kola bila mwenyewe.

"Nani ni nani humu anajua aliyezichora," fundi akasema. "Chukua diski yangu hii ya nje. Mkweo akae achague, mhifadhi humu. Msiandike tena chochote kwenye diski ya zamani, mtazizika na hizi zilizobaki."

"Sasa nitamwambia nini?"

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu."

Njiani alitunga uongo mzuri kuhusu virusi, akaupiga pasi ukanyooka. Alipoingia dukani akamkuta mkewe ameinama juu ya karatasi, anajaribu kuchora upya bega la mteja kwa kukumbuka, anafuta, anachora, anafuta. Uongo ukamkauka mdomoni.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilizifuta zote. Sikusoma."

"Na ukaniambia zinapangwa!" mkewe akasema. Injinia alitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilisoma," alisema.

"Ulisoma, mama?"

"Futa diski yote. Kiswahili kitupu, nani asingeelewa? Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza na chai. Nikasema, nitamkosoaje mkwe wangu katikati ya kazi yake?" Akaikalia mikono yake. "Niliona haya kukuaibisha. Kazi yangu yote ikafutwa, nimesimama naangalia."

Mke wa Injinia aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili na heshima zenu," alisema, akatoka nje, na hakurudi upesi.

Wawili wale wakabaki na kompyuta, diski ya fundi na vile vipande vilivyookolewa. Mama hakuhitaji majina. Alitazama mkono mmoja tu akasema huyu ni yule mwalimu wa bega la kushoto, Injinia akaandika jina. Walipofika mwisho mama alirudi mwanzo, akapitia tena yote.

"Mwenye kibiongo hayumo," alisema. "Nitampima upya, mikono ikikubali."

Injinia hakuweza kumtazama. Akaharakisha kuhifadhi. Skrini ikauliza: hifadhi kwenye diski hii hii, au kwenye diski ya nje? Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jibu la kwanza.

"Ngoja," mama mkwe alisema. "Toa mkono hapo. Soma kwa sauti."

Akasoma, haraka haraka.

"Sijasikia. Rudia."

Injinia akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akarudia.