Nilidhani ni Mapovu

Kazi yangu ni kupima chembe za damu kwa umeme. Tone linapitishwa kwenye kipande cha plastiki chenye mfereji mwembamba kama unywele, chembe zinapita moja moja kati ya nyaya mbili, na kompyuta inachora jinsi kila chembe inavyozuia umeme. Adui yetu ni mapovu ya hewa. Povu likipita, mstari unaruka juu ghafla, na sisi tumeshazoea: mruko mkubwa, futa.

Mwaka jana nilihitaji damu ya watu wenye afya ili nilinganishe na ya wagonjwa. Dada yangu akajitolea.

"Haya nitoboe, mdogo wangu, ila usinimalize," akacheka.

Mstari wake uliruka mara arobaini na moja. Nilitakiwa kusafisha mfereji na kurudia kipimo. Lakini njaa ilikuwa inaniuma, na dada yangu huyu, buheri wa afya, angekuwa na nini? Nikafuta yote. Aliponiuliza kama yuko salama, nikajitia mtaalamu: "Damu yako safi kabisa."

Akaniamini, mjinga mimi. Alipoanza kuchoka ovyo na kupata michubuko bila kujigonga, alikaa miezi mitano bila kwenda hospitali. Sasa amelazwa na saratani ya damu, na mama kila akija anamsema: "Mtu mzima unaumwa, unanyamaza! Ulikuwa unasubiri nini?" Mama anajua nilimpima dada, ila hajui jibu nililompa, na dada hamwambii. Hanitaji.

Juzi nilifungua rekodi ya awali, ile kabla ya kufuta, nikaitazama mruko kwa mruko. Hayakuwa mapovu. Zilikuwa chembe kubwa, changa, ambazo hazitakiwi kuonekana kwenye damu ya mtu mwenye afya. Nikaona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Leo nikapiga moyo konde, nikamweleza dada yote. Akauondoa mkono wake kwenye wangu.

"Mama yuko nje," akasema. "Kamwambie."

Nilimkuta kwenye benchi la korido, anamenya chungwa la mgonjwa. Nikafungua kinywa. Akanisogezea nafasi, akanikatia kipande cha kwanza.

"Kaa, baba," akasema. "Afadhali wewe ulimpima. Wewe peke yako ndiye uliyemjali."