Ukoko wa Pipa

Kipande kile cha chuma kilivunjika kati ya vidole vyangu viwili kama mkate mkavu. Sikutumia nguvu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya dada yangu Evarista, Iringa, saa nne asubuhi, jua linawaka, majivu yamegeuka tope miguuni pangu. Mwenyewe alikuwa ameshapelekwa hospitali kwa Landrova ya jirani.

Nikaokota kipande kingine. Chuma chenyewe kilikuwa kimebaki kama karatasi, kutu tupu. Lakini upande wa ndani kilikuwa kimeshikwa na ukoko mweupe ulioachwa na maji, mnene kama kidole gumba. Kwa muda wote ule nilikuwa nikigonga ukoko, nikidhani nagonga chuma.

Pipa lile la kuchemshia maji nililijenga mwenyewe mwaka 1968. Evarista ni mdogo wangu, mkunga, na alikuwa amemchukua Mama akae naye. Baridi ya Julai ilimkaza Mama viungo hadi akashindwa kusimama. Nikalaza pipa la mafuta juu ya kuta mbili za matofali, moto chini, bomba likapenya hadi bafuni. Siku ya kwanza Mama alipoona maji ya moto yanatoka ukutani, alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi niliishia darasa la tatu. Sikuwahi kusifiwa kama siku ile.

Mwaka 1974 pipa likaanza kusema. Nilikuwa nimetoka Mbeya kuwasalimia, Evarista akanionyesha taulo jeupe lililogeuka rangi.

"Kaka Sedekia, haya ni maji au chai?"

"Weka sukari unywe."

Siku ya Pasaka akaniambia moto ukikolea pipa linanguruma, kama mtu anaburuza mawe humo ndani. Nikamjibu kwamba hata Mama anakoroma na hatujamtupa. Juni akakuta majivu yameloa, na mvua ilikuwa imekatika tangu Mei. Nikasema umande.

Pipa jipya lilikuwepo. Alilihangaikia mwenyewe, akaliweka stoo. Mimi ndiye niliyelijaza mahindi, yasiliwe na wadudu. Nilisema la zamani bado ni zima, na pipa zima halitupwi.

Jumapili ile ya Julai aliniita tena, Mama akiwa mlangoni. Nikakunja kidole, nikaligonga pipa. Kugonga nilikuwa nimekuona kwa Mama. Alikuwa mfinyanzi, na chungu hakikutoka mikononi mwake kabla ya kukigonga: kizima kinalia, chenye ufa kinakwaruza. Pipa lilitoa sauti nzito, ya kushiba.

"Sikia lilivyo nene," nikasema.

"Mimi silisikii hivyo," Evarista akasema. "Nizime moto, kaka, tulibadilishe leo. Mahindi tutayatia kwenye magunia."

"Wewe zalisha wanawake, mapipa niachie mimi. Ongeza kuni, Mama anataka kuoga."

Alicheka. Akapiga magoti, akasukuma gogo motoni, kisha akageuza uso kunijibu. Sijui alitaka kusema nini.

Watu huniuliza kuhusu mlio. Hakukuwa na mlio. Ilisikika kama ndoo inamwagwa, basi, halafu kila kitu kikawa cheupe. Tumbo lote la pipa lilikuwa limedondokea motoni. Mvuke ulipopungua nilimwona Evarista amekaa chini, mikono ameinyoosha mbele, kama anavyofanya akimkabidhi mama mtoto wake. Hakulia. Aliitazama mikono kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mguuni pangu palikuwa na ndoo ya maji baridi. Sikuiona. Nilisimama tu. Mama, ambaye hakutembea bila fimbo, alitoka amejifunga kanga ya kuogea, akainyanyua ile ndoo, akammwagia binti yake mikononi. Kisha akanitazama mimi. "Leta mengine!" Ndipo miguu yangu ilipokumbuka kazi yake.

Walipoondoka na Evarista nilimpelekea Mama kile kipande. Akakigeuza, akakisugua kwa kidole.

"Uligonga?"

"Niligonga, Mama. Kama ulivyokuwa ukifanya."

"Uliingiza mkono kwanza?"

Nikamwona, miaka thelathini nyuma, ameinamia chungu, mkono wake umezama hadi kwenye kiwiko, anapapasa chini polepole, amefumba macho. Kisha ndipo anagonga. Niliona hivyo mara nyingi mno. Mimi nilipenda ule mlio tu.

Wiki ile nililijenga pipa jipya. Kuyamwaga mahindi kulichukua muda wa kuvuta sigara moja.

Uso wa Evarista ulinusurika kwa sababu aligeuka. Mikono ilipona ngozi, lakini vidole vilijikunja na havikukunjuka tena. Hakuweza tena kuzalisha; hospitali wakamhamishia kwenye dirisha la kutolea kadi za wagonjwa. Hajawahi kunilaumu kwa neno.

Mama alifariki mwaka juzi, lakini kila Julai natoka Mbeya. Nazima moto, natoa maji yote, nafungua kifuniko, naingiza mkono hadi begani na kupapasa chini, taratibu. Evarista husimama pembeni hadi nimalize. Ndipo tunasalimiana.

"Kamwene, kaka."

Mkono wangu unakuwa umejaa kutu, kwa hiyo nampa kifundo cha mkono. Naye hunipa cha kwake.